Taa Iliyohama Juu ya Tangi la Samaki

Modesta alianza kumshuku Zakia siku ile utando wa kijani ulipotanda kwenye kioo cha mbele cha tangi la samaki, pale mapokezi ya nyumba yake ya wageni, Lushoto.

Taa aliichagua mwenyewe. Fundi Issa alimletea mbili kutoka Mombo: moja ya buluu, ambayo mumewe Aron aliipenda, na nyingine nyeupe ya mwanga wa wastani.

"Hii nyeupe ndiyo itakayokuza majani," Issa alisema. Akaisimamisha kwa vijiguu vyake, shubiri moja juu ya maji, upande wa nyuma yalikopandwa majani, mbali na dirisha. "Unawasha saa nne asubuhi, unazima saa kumi. Ukizidisha, au ukiisogeza mbele, kioo kitakuwa kijani."

Modesta, muuguzi mstaafu, aliyashika masharti hayo kama ya dawa. Lakini wiki ya pili, kila akirudi sokoni alikuta taa imevutwa hadi ukingo wa mbele, imeinamishiwa nje. Akiirudisha, kesho yake vilevile. Jioni moja aliikuta inawaka saa kumi na mbili.

Nani mwingine angeigusa? Aron alikaa mapokezi na daftari lake la wageni, mtu mtulivu. Zakia, msichana wa kazi, ndiye aliyepitapita na tambara na ndoo. Modesta akachora alama za chaki chini ya vijiguu. Akaanza kumchunguza binti wa watu kila anapopita. Hata sukari ya jikoni akaiona inapungua upesi, akawa anaipima Zakia akimwona.

"Zakia, taa hii unaigusa wewe?"

"Hapana, mama." Zakia alitazama chini, na kule kutazama chini kukamtosha Modesta.

"Basi inatembea yenyewe! Ikisogea tena, utarudi kwenu Zirai."

Zakia alikamua tambara mpaka vidole vikawa vyeupe.

Alhamisi, Modesta alitoka na kikapu kama aendaye sokoni, akazunguka nyuma, akasimama penye dirisha la mapokezi. Ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka na ndani kulikuwa na kiza. Jikoni Zakia alikuwa akitwanga, mchi ulisikika. Mapokezi alikuwapo Aron tu. Akainuka, akapapasa ukingo wa tangi, akaivuta taa na kuiinamisha. Kisha akalileta daftari hadi puani, chini ya ule mwanga, akasoma jina la mgeni herufi moja moja kwa kidole.

Modesta aliingia ndani.

"Tangu lini, Baba Alen?"

Aron hakugeuka. "Tangu Pasaka. Jicho la kulia halioni kabisa. Niliogopa kupasuliwa."

"Na Zakia?"

"Alinikuta. Nilimwomba asikwambie."

Modesta akaenda jikoni, uso ukimwaka kwa aibu. "Zakia mwanangu, nimekukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama," Zakia alisema, bila kuacha kutwanga.

Jumatatu Aron alipelekwa hospitali. Ni mtoto wa jicho, wakaambiwa, ugonjwa unaotibika. Mezani ikawekwa taa ya kusomea. Ya samaki ikarudi nyuma, na kioo, baada ya kusuguliwa, hakikuota utando tena. Zakia aliendelea na kazi. Ila tangu siku ile, kila akitaka kwenda kwao humwita Modesta kwanza na kumfunulia mfuko wake.

"Si lazima, Zakia."

"Tazama tu, mama."