Moto Ndani ya Mdomo

Chini ya hadubini, uvimbe wa Mama Beldina ulikuwa nchi. Niliutazama asubuhi nyingi mwaka ule wa 1976, jua la Kisumu likiingia dirishani mwa maabara, mpaka nikasahau kwamba kile kilikuwa kipande cha utumbo wa mtu. Kilikuwa na rangi ya waridi na zambarau. Mishipa midogo ya damu ilipita humo kama mito, ila mito hii haikwenda ziwani. Ilitoka mwilini kote kuja kuulisha uvimbe. Nilikuwa nimesoma kwamba daktari mmoja wa ng'ambo anaamini uvimbe wenyewe ndio unaoiita mishipa hiyo. Huiita, nayo huja. Tukijua kuuzima wito huo, uvimbe utakufa kwa njaa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, shahada yangu ingali kwenye bahasha, na niliamini nitauona mwisho wa saratani kabla sijaota mvi.

Daktari Wakhisi aliukata uvimbe ule mwezi wa Januari. Upasuaji ulikuwa mzito. Siku tatu hatukujua kama mama huyo ataamka. Kisha tukawa tunatuma damu yake ng'ambo kupitia Nairobi, ipimwe protini ambayo uvimbe wa namna hiyo huiachia kwenye damu. Niliiwazia kama jani linaloelea mtoni: huoni mti, lakini unajua kuna mti mahali fulani huko juu. Kwa damu tuliyoiweka kabla ya kisu, kipimo kilikuwa thelathini. Mwezi wa Aprili kilikuwa mbili. Nilitembea hadi nyumbani Nyalenda nikiimba.

Agosti likaja jibu jingine: saba.

"Imerudi," Daktari Wakhisi alisema. Hakuketi. "Jumanne namfungua tena. Nabwire, nenda umlete. Wewe anakusikia."

"Ataweza, daktari?"

"Sijui."

Basi lilinishusha Luanda Kotieno mchana. Ziwa lilikuwa limetulia kiasi kwamba mitumbwi ilionekana kuning'inia hewani. Mama Beldina alikuwa ameketi mchangani na jirani yake Milka, wakigeuza omena, dagaa wa ziwani, waliotandazwa juu ya nyavu kuukuu.

"Nyar Samia!" aliniita, binti wa Samia, midomo yake ikifunguka kidogo tu. "Umekuja kununua omena ama kuninyonya damu tena?"

"Damu gani?" Milka akacheka. "Mtoto, huyu amebaki moshi tupu."

Kweli, uzi mwembamba wa moshi ulikuwa ukimtoka puani. Mama Beldina alimtupia Milka jicho, akatia vidole kinywani, akatoa sigara. Upande uliokuwa ukiwaka ndio uliokuwa ndani. Akakung'uta majivu mbali na samaki.

"Unaniangalia nini? Moto ukikaa nje, upepo wa ziwa unaumaliza. Ukikaa ndani, unanimaliza mimi tu."

Nyanya yangu kule Samia alivuta hivyo hivyo kando ya meko, na nilipokuwa mdogo nilidhani moshi ule wa puani ni mawazo yake. Nilijua, basi, kwamba wapo akina mama wanaovuta kwa siri hivyo. Na bado Januari nilikuwa nimejaza fomu ya Mama Beldina kwa mkono wangu: *Huvuta sigara? Hapana.* Sikumuuliza. Alikuwa ameletwa na wakwe zake, nikaona kumuuliza mama wa umri ule mbele yao ni kumvunjia heshima.

"Mama, na ulipokuwa hospitalini?"

"Wale masista wangeniua! Na baadaye kwa dada yangu Dorca, maombi asubuhi, maombi jioni. Hata njiti ya kiberiti sikuona. Nimerudi hapa Mei ndipo nikapumua."

Aprili, mbili. Mei, sigara. Agosti, saba. Nikaukumbuka mstari mmoja chini ya makala niliyosoma, kwa herufi ndogo: damu ya wavutaji huweza kuwa na protini hiyo zaidi kidogo, hata bila uvimbe.

Kesho yake Mama Beldina alikaa kwenye benchi la ofisi ya daktari, nami nikaungama.

"Fomu ulijaza wewe?" Daktari Wakhisi aliuliza.

"Mimi."

Alilifungua faili, akaitazama fomu. "Na kama si sigara? Nikingoja wiki nane, mishipa inakua. Wewe umeiona."

"Nimeiona, daktari."

"Nyinyi wawili," Mama Beldina alidakia, "mnataka kuchukua sigara yangu ama tumbo langu?"

"Sigara kwanza, Mama," nikasema. "Wiki nane. Halafu tupime tena. Lakini kama nimekosea, tutakuwa tumechelewa."

Mama Beldina alifungua fundo la leso yake, akatoa pakiti, akaiweka juu ya meza ya daktari. "Usizivute wewe," alimwambia.

Sikulala vizuri tena. Hata mchana, macho wazi, niliona mito ya waridi ikitambaa mwilini mwa mama yule, ikiitwa, ikiitikia. Mwishoni mwa Oktoba tukachukua damu. Jibu lilifika Desemba. Daktari alilisoma mara mbili kabla ya kunipa.

"Haitoshi kusema amepona," alisema. "Inatosha nisimkate."

Nilipanda basi siku hiyo hiyo. Mama Beldina aliniona nikiwa bado mbali, akasimama, na kabla sijamfikia akafungua kinywa wazi kabisa, kama mtoto anayeonyesha koo.

"Angalia! Hakuna moto. Haya, barua inasemaje?"

"Mbili."

"Mbili ni nzuri?"

"Ni nzuri, Mama."

Alifumba kinywa. Alishika bega langu, akaliegemea. Upande wa Mbita, ng'ambo ya ghuba, wingu lilikuwa limeshuka hadi majini.

"Basi weka hiyo barua isilowe," alisema. "Tuanue omena, mvua inakuja."