Kabla ya Kukata Kitovu

Mizani ya wodi ya wazazi ilivunjika asubuhi, mara baada ya chai, wakati wa kumpima mtoto wa mwalimu. Mhudumu wa wodi akaenda kuazima ya duka la saruji, na mkunga, ambaye hospitali nzima walimwita Bibi Mkasi, akabaki akimwekea mtoto mito ubavuni asididimie kwenye godoro. Mtoto mwenyewe alikuwa wa kawaida, mwenye makelele, saizi ya kulala kwenye mkono mmoja, ila hapakuwa na mkono uliomweza. Kwenye mizani ya saruji alitoka sawa na nusu mfuko.

Mambo yalikuwa hivyo tangu vita vianze. Watoto walizaliwa wepesi kama wa zamani. Uzito uliwashukia pale kitovu kilipokatwa. Daktari mkuu alikwisha kulieleza jambo hilo kikaoni. Vita viliendeshwa kwa mkopo, mkopo ungelipwa na watakaokuja, na hawa ndio waliokuja. Kisha akaingia kwenye suala la glavu, maana zilikuwa zinapotea.

Kwa watu wengine vita vile havikuwa na makali. Bei ya mkate ilikuwa ileile na kodi haikupanda. Hakuna aliyechukuliwa kwa nguvu. Waliokwenda walijiandikisha wenyewe, na waliojiandikisha ni vijana waliochoka kuamka bila pa kwenda. Mtaani watu waliulizana kwanza habari za mpira. Za vita zilifuata, kama mate yamebaki.

Mkwe wa Bibi Mkasi, fundi seremala, alikuwa miongoni mwa waliojiandikisha. Karakana ilikuwa imefungwa na mkewe alikuwa na mimba changa. Alikuja kuaga akasimama mlangoni kama mtu aliyekosa.

"Mama, sina mbele wala nyuma," alisema. "Kule angalau mwisho wa mwezi wanalipa."

Bibi Mkasi alimpa soksi mbili za sufu na hakumwambia analolijua. Alilijua kwa sababu akina mama walikuwa wakirudi kliniki kulalamika: kila mwisho wa mwezi, askari wakishalipwa, watoto waliokwisha kwenda nyumbani waliongezeka uzito tena, na vitanda vikavunjika. Mshahara wa askari nao ulitoka kwenye mkopo uleule. Angemwambiaje kijana anayekwenda kumtafutia mwanawe maziwa? Tangu siku hiyo hakutulia. Alifagia palipofagiwa, alichemsha mkasi uliokwisha kuchemshwa, na akiambiwa aketi aliketi ukingoni mwa kiti kama mgeni anayesubiri kuitwa.

Mbunge alitembelea wodi akiwa na biskuti na mpiga picha. Alijaribu kumwinua mtoto wa mwalimu mara mbili, mishipa ikamtoka shingoni, mwishowe akapiga magoti akaweka shavu lake kando ya la mtoto. Picha ilitoka nzuri. Bibi Mkasi alimuuliza kama watapiga kura ya kuviendeleza vita.

"Bibi yangu, nani amelazimishwa kwenda?" mbunge alimjibu kwa upole. "Nani amepandishiwa kodi? Nikiwauliza wapiga kura wangu kinawauma nini, watasema hakuna."

"Na hawa?"

Mbunge akavitazama vitanda. "Hawa hawajafikia umri wa kupiga kura."

Bibi Mkasi alimchukia kwa moyo wake wote. Kisha akamshikia mlango, kwa kuwa ulikuwa na tabia ya kujifunga.

Siku ya kura ndiyo siku aliyoshikwa na uchungu binti yake. Mtoto wa kike alitoka saa nne asubuhi, bila shida, akapiga chafya. Bibi Mkasi akakifunga kitovu, akaushika mkasi, akaurudisha mfukoni mwa aproni.

"Mama, hukati?"

"Subiri kidogo, mwanangu."

Redio ilikuwa dirishani ikitangaza moja kwa moja kutoka bungeni. Wakikataa, askari wangerudi na mkopo ungekoma. Mzigo uliobaki mtoto angeweza kukua nao. Wakikubali, hakuna aliyejua mwisho wake. Bibi Mkasi aliingiza kiganja kimoja chini ya mjukuu wake akamwinua hadi pale kitovu kilipofika. Tangu vita vianze hakuwahi kumshika mtoto kwa mkono mmoja. Alifurahi mpaka akaona haya. Akamshusha, akaenda dirishani, akarudi, akamwinua tena.

Matroni alikuja kumwambia kwamba anachezea maisha ya mzazi. Bibi Mkasi alisema anajua. Spika akahesabu kura, akatania kidogo kuhusu chakula cha mchana, wabunge wakacheka. Waliokubali walikuwa wengi sana.

"Asiyekuwapo na lake halipo," mhudumu alisema, akaizima redio.

Bibi Mkasi akakata. Kitanda kikalia, binti yake akatoa pumzi ndefu, na mtoto akazama kati ya matiti ya mama yake hadi walipomwondoa, watu wanne. Kwenye mizani ya saruji alikaribia mfuko mzima.

Mkwe alipiga simu wiki iliyofuata. Mkewe alimweleza kwamba ni msichana, pua ni yake yeye, na kitanda alichowatengenezea kimevunjika mbao zote. Bibi Mkasi akaomba simu.

"Baba, mkataba wako unaisha mwezi huu. Rudi nyumbani."

"Nilishasikia kwamba watoto wa siku hizi ni wazito, Mama. Ndiyo maana nimesaini tena, miaka miwili." Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo la maana. "Wanatoa fedha za kuanzia. Mnunulieni kitanda cha chuma."

Alitaka kumwambia, na safari hii alifungua kinywa, lakini laini ilikuwa imekatika.

Fedha ziliingia kesho yake. Binti yake alikuwa ametoka kununua sabuni, na Bibi Mkasi alikuwa ameinama juu ya mkeka akimgeuza mjukuu kwa wenzo wa mti, mkono wa kulia ukiwa chini ya mgongo wa mtoto, simu ilipolia mara moja mezani. Mkono ukabanwa palepale. Hakupiga kelele. Alimwimbia mtoto akingoja mtu apite.

Aliyepita ni jirani, amekuja kuomba chumvi. Alisaidia kusukuma wenzo mpaka mkono ukatoka, akayasifu macho ya mtoto, akasema heri vita vya siku hizi, havimgusi mtu. Bibi Mkasi alimpa chumvi kwa mkono wa kushoto, akamwomba radhi. Wa kulia ulikuwa bado umekufa ganzi.