Siku Zisizo na Duara Jekundu

Mashine ya kupima hewa ya mji wa Tarrow ilikuwa juu ya paa la kituo cha zimamoto, na ilifanya kazi siku moja katika kila siku tatu. Ilijiwasha yenyewe na kujizima yenyewe. Asubuhi iliyofuata kila siku ya kupima, saa mbili kamili, Verna Hudak wa idara ya hewa ya kaunti alipanda ngazi ya chuma, akatoa kichujio kwa kibano na kuweka kingine. Kichujio kilikuwa cha mviringo, cheupe, chembamba kama ngozi ya kitunguu. Alikifunga ndani ya kikopo, akaandika tarehe kwenye fomu, akakiweka kwenye kisanduku chenye barafu, akakipeleka maabara. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na mbili na hajawahi kuandika tarehe isiyo sahihi.

Siku za kupima hazikuchaguliwa na Verna wala na kaunti. Zilichaguliwa na serikali ya shirikisho, ambayo kila mwaka ilitoa kalenda yenye maduara mekundu, moja kwa nchi nzima, kutoka bahari hadi bahari. Mjini Tarrow ilining'inizwa jikoni, kando ya kalenda ya kanisa yenye watakatifu. Siku nyekundu ndipo watu walipofua na kuanika mashuka. Maharusi walipiga picha nje. Padri wa Mtakatifu Mikaeli aliiangalia kabla ya kupanga maandamano ya Ekaristi.

Kiwanda cha kuoka makaa ya mawe, kule chini mtoni, nacho kilikuwa na kalenda hiyo. Hakuna aliyesema kwamba kinaifuata. Ila siku nyekundu tanuri zilizofunguliwa zilikuwa chache, na wafanyakazi walipewa mifagio.

Siku zilizobaki moshi wa manjano ulipanda bondeni tangu alfajiri, na pamoja nao walishuka wafu kutoka makaburini kule kilimani.

Miro, mume wa Verna, alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa mapafu miezi kumi na minne iliyopita, siku ya Jumanne isiyo na duara. Aliingia kwa mlango wa jikoni wiki ileile aliyozikwa, amevaa suti aliyozikwa nayo, akaketi kwenye kiti chake na kukohoa.

"Mbona umechelewa?" Verna alimuuliza.

"Foleni," alisema Miro. "Kule juu watu wengi, na geti ni moja."

Verna alimwekea kahawa. Hakuinywa, lakini alipenda kushika kikombe. Tangu hapo alikuja kila siku yenye moshi, na siku nyekundu hakuja, kwa kuwa hapakuwa na moshi wa kumleta. Siku hizo Verna alifuta masizi kwenye kiti, akaanika mashuka.

Ng'ambo ya ua, Ludmila Sabol alikuwa akitembelewa na mama yake na kaka zake wawili.

"Wewe una mmoja tu, Verna, na hazungumzi sana," alisema Ludmila siku moja huku akibana nguo kwenye kamba. "Mimi mama ameanza tena kunifundisha kukata kabichi. Nina miaka sitini na tatu!"

"Mwambie una kazi."

"Nimemwambia. Anasema yeye ndiye asiye na kazi."

Wote waliokuja walikuwa arobaini na mmoja. Wengi walikuwa wamefanya kazi kwenye tanuri. Wachache walikuwa wameishi tu chini ya moshi, kama yule mwokamikate na yule mwalimu wa piano. Walikaa nyumbani kwao, wakakohoa, na jioni wakapanda tena kilimani.

Mwezi wa Oktoba Miro alimwambia mkewe kwamba amechoka.

"Lala hapo kwenye kochi," alisema Verna.

"Sio usingizi huo." Alikohoa muda mrefu, na Verna alingoja. "Kule juu hatulazwi. Kila mmoja anaulizwa kimemuua nini. Tukisema hewa, wanatazama karatasi. Karatasi inasema hewa ya Tarrow ni safi. Basi wanatuambia tukangoje."

"Mngoje nini?"

"Karatasi nyingine."

Verna alifikiri juu ya jambo hilo siku tisa, kama alivyofikiri juu ya kila jambo. Kisha akaendesha gari hadi makao ya kaunti kumwona mkuu wake, Lyle Forsberg, mtu mpole aliyeweka chupa ya dawa ya tumbo karibu na simu.

"Desemba tunafunga wastani wa miaka mitatu," alisema Forsberg. "Ukivuka mstari wa shirikisho, tunalazimika kuandika mpango, na kiwanda kinalazimika kubadilisha milango ya tanuri. Usipovuka, hatuwezi kuwadai hata bawaba moja. Sheria ya jimbo inatukataza kuwa wakali kuliko shirikisho."

"Na tuko wapi?"

"Chini ya mstari. Kidogo."

"Kwa sababu tunapima siku ambazo tanuri zimefungwa, Lyle."

"Tunapima siku tulizopewa." Alifungua chupa ya dawa, akaifunga. "Mstari sikuuchora mimi, dada. Mimi nasimama tu ulipo."

"Nikipima siku nyingine?"

"Hakuna anayekukataza kupima. Ila siwezi kukuahidi kwamba itahesabiwa."

Verna alirudi na jibu hilo, akamsomea Miro kanuni zote jikoni, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu hakupenda mtu aingie kwenye jambo bila kulijua. Miro alisikiliza mpaka mwisho.

"Jumatano haina duara," alisema. "Nitawaambia wenzangu."

Usiku uliotangulia Jumatano hiyo Verna hakupata usingizi, akatoka kitandani mapema na kupika tambi za kabichi ambazo hakuna aliyezila. Miro alipofika, Verna alimtazama mikono. Kucha zilikuwa na ule mstari mweusi ambao sabuni haikuwahi kuutoa, na hata waosha maiti walikuwa wameuacha.

"Ikifaa, kesho hutakuja," alisema.

"Nikija kesho, ujue haijafaa."

"Sijui niombe lipi."

"Omba nilale," alisema Miro, na akakohoa tena mpaka kikombe kikamtoka mkononi.

Saa mbili asubuhi Verna aliweka kichujio kipya na kuiwasha mashine kwa mkono. Wafu walikuwa tayari chini ya ngazi, wamejipanga mstari mmoja, kama walivyojipanga zamani kwenye lango la kiwanda kabla ya zamu. Wazimamoto walitoa gari lao nje ili kuwapa nafasi. Wafu walipanda mmoja mmoja. Kila mmoja alitaja jina lake, akainama kwenye bomba la mashine, akatoa pumzi moja, akashuka. Mwalimu wa piano alihitaji kushikwa mkono. Mama yake Ludmila alitoa pumzi mbili, akaambiwa moja inatosha, akasema yeye ndiye ataamua inayotosha. Miro alikuwa wa mwisho. Aliinama, akapumua, akabaki ameinama kidogo, kisha akamtazama mkewe na kushuka.

Asubuhi ya pili Verna alitoa kichujio. Kilikuwa cheusi na kizito. Alipofungua fomu, mkono wake ulisimama juu ya nafasi ya tarehe. Ijumaa ilikuwa nyekundu. Kukiweka mpaka Jumamosi na kuandika Ijumaa kungekuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua isipokuwa yeye. Aliandika Jumatano.

Alirudi nyumbani, akaketi jikoni akiutazama mlango. Saa nne ulifunguliwa.

"Sijalala," alisema Miro.

"Labda bado hawajakipima uzito."

"Labda." Aliketi. "Umeandika tarehe gani?"

"Ya jana."

"Vizuri," alisema Miro. "Nisingetaka kuingia kule kwa uongo."

Jumatatu, Odell Tate wa maabara alipiga simu. Odell alikuwa amepima vichujio vya Verna miaka kumi na moja, na walijuana kwa sauti zaidi ya sura.

"Verna, kichujio chako cha Jumatano kinakohoa."

"Kinakohoa sana?"

"Kwa zamu. Tulikuwa tumekiweka kwenye droo ya chumba cha chai, watu wakashindwa kula. Sasa nimekihamishia stoo."

"Uzito?"

Odell alitaja uzito. Ulikuwa mara tisa ya kiwango cha shirikisho kwa siku moja. Alikuwa amekipima mara tatu, kwa mizani mbili, na kusafisha mizani katikati.

"Mizani haina neno," alisema. "Nimeandika hivyo na nimesaini. Tumewapelekea wa shirikisho."

Jibu la ofisi ya shirikisho lilisomwa kwenye kikao cha baraza la kaunti, katika ukumbi wa kituo cha zimamoto, Alhamisi ya pili ya Desemba. Barua ilikuwa ya kurasa mbili na yenye adabu. Ilisema upimaji ulifanyika kwa ustadi na matokeo yake hayana kasoro. Ilisema sampuli ilichukuliwa nje ya kalenda, na kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye wastani. Ilimshukuru Bi Hudak kwa kujituma kwake.

Alhamisi hiyo haikuwa na duara, kwa hiyo wafu nao walikuwapo, wamesimama nyuma. Mwenyekiti wa baraza, Conrad Whitlow, aliuliza kama kuna mwananchi anayetaka kuchangia. Miro alikwenda mbele.

"Jina na anwani," alisema Whitlow.

"Miroslav Hudak. Makaburi ya Mtakatifu Mikaeli, safu ya saba."

Whitlow alimgeukia karani, akauliza kama safu ya saba iko ndani ya mipaka ya kaunti. Karani aliangalia ramani, akasema iko.

"Dakika tatu, bwana Hudak."

Miro alifungua mdomo na kikohozi kikamshika. Alikohoa akishikilia kingo za meza. Masizi yalianguka juu ya ajenda, na karani akayapangusa kwa upande wa kiganja. Kengele ilipolia, alikuwa bado hajasema neno.

"Tunashukuru kwa mchango wako," alisema Whitlow, na hakusema kwa kejeli. Alikuwa mtu mwenye kufuata utaratibu, na baba yake mwenyewe alikuwa amesimama kule nyuma karibu na meza ya kahawa. "Kama ningekuwa na uwezo, Miro. Lakini umesikia barua."

Kisha likapigiwa kura tamko kwamba kaunti imetimiza kiwango cha shirikisho kwa mwaka wa tatu mfululizo. Lilipita. Kulikuwa na keki yenye krimu nyeupe, na kwa kuwa siku hiyo haikuwa nyekundu, ilifunikwa kwa karatasi ya nailoni.

Mwezi wa Januari, Forsberg alikuja mwenyewe Tarrow na kalenda mpya. Alikataa kahawa kwa sababu ya tumbo, akaiweka kalenda mezani ikiwa imekunjwa.

"Hewa ikiwa safi miaka mitatu, shirikisho linaturuhusu kupunguza," alisema. "Baraza limekubali. Kuanzia sasa ni siku moja katika kila sita."

Verna aliifungua. Maduara yalikuwa nusu ya yale ya zamani.

"Kazi nayo itapungua kidogo," alisema Forsberg kwa sauti ya chini. "Nimeomba wakuachie mshahara uleule."

"Asante, Lyle."

Alipoondoka, Verna aliitundika kalenda kwenye msumari uleule. Miro, aliyekuwa kwenye kiti chake muda wote, aliinuka akaisogelea. Alihesabu kwa kidole chenye mstari mweusi ukuchani: moja, mbili, tatu, nne, tano, kisha duara.

"Siku tano," alisema.

"Ndiyo."

"Nitakaa sana, Verna."

"Utakaa."

Alirudi kwenye kiti na kuanza kukohoa. Verna alikaa naye mpaka kikohozi kikatulia, na hakujua kama alichohisi kilikuwa huzuni peke yake. Kisha akaenda chumbani, akatoa mashuka meupe kitandani, akayakunja vizuri na kuyaweka chini kabisa ya kabati. Badala yake akatandika ya kahawia.