Mbegu za Mwaka wa Jua Kali

Kacha, kacha, kacha. Gizani, kabla jogoo wa kijiji cha Vudee hawajawika, Agatha alisikia kopo la vidonge likitikiswa jikoni. Akainuka, akajifunga khanga, akawasha kibatari. Mkwewe, Bibi Koleta, alikuwa amesimama kando ya mafiga, kopo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Rogathe, mtoto wa shemeji yako, kaharisha damu usiku kucha. Tumainieli wako kapona, jana kapanda mpaka mpera. Vilivyobaki nampelekea mwenzake."

Masika hii dukani vidonge viliuzwa kimoja kimoja kama pipi. Tumainieli alipougua hivyo hivyo, Agatha alimpa viwili, damu ikakata, akaacha kumpa. Ugonjwa ukarudi na nguvu mpya, na vidonge vile vile havikuutisha tena. Hospitali wakambadilishia dawa, wakasisitiza: amalize zote.

Hakuwahi kumkatalia mkwewe kitu. Leo alinyoosha mkono. "Hapana, mama."

"Hapana? Hilo darasa lako la jioni limekuotesha mapembe!"

Agatha aliinua macho kwenye mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya jiko, meusi kwa moshi. "Mwaka ule wa jua kali, ulichagua mbegu zipi?"

"Za mabua yaliyosimama. Yaliyokufa yangenipa nini?"

"Basi na vijidudu vya ugonjwa huu ni hivyo hivyo. Dawa ndiyo jua. Nikiikatisha, vilivyosimama ndivyo vitakavyozaa. Mwalimu wetu Fanueli anasema siku hizi wataalamu wanasoma maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kijidudu kama kitabu, herufi kwa herufi. Wanaona kilibadilika wapi, na ni cha ukoo gani. Tena vinagawiana ule ujanja wa kushinda dawa."

"Vinagawiana?"

"Kama wewe unavyogawia majirani mbegu."

Bibi Koleta akacheka bila kupenda. "Kumbe vina ujirani mwema kutushinda! Sasa Rogathe afe?"

"Namfunga mgongoni sasa hivi, nashuka naye barabarani, tunapanda gari la kwenda hospitali Same. Atapimwa, atapewa dawa yake mwenyewe, na ataimaliza." Agatha alikwishachukua khanga ya kumbebea.

Bibi alikuwa bado amelikumbatia kopo. Mlango wa chumbani ukalia. Tumainieli akatokea akifikicha macho, akalitazama kopo, akamtazama bibi yake.

"Bibi, nipe maji nimeze dawa yangu."