Nukta Ilipozimwa

Chumba cha chini, maabara ya fizikia, kilikuwa kinatafutiwa mwenyewe mwingine. Siku hiyo kamati ya chuo ilishuka kuamua: kibaki kwa binti mtafiti ambaye wenzake walimwita Jokofu, au kigeuzwe stoo ya viti.

Kwenye skrini iling'aa nukta moja nyeupe. Lilikuwa kundi la atomu, zimenaswa katikati ya miale ya leza ndani ya chombo kisicho na hewa. Ujanja ulikuwa kwenye rangi ya mwanga. Ilishushwa kidogo tu kuelekea wekundu, chini ya ile ambayo atomu huipenda, hivyo kila mwale ulikamatana zaidi na atomu iliyoukimbilia, ukaisukuma nyuma, mpaka mbio zikapungua. Na atomu ikipoteza mbio, imepoa.

"Tazameni baridi hiyo!" alisema mkuu wa idara, kifua mbele.

"Hapana, mzee," Jokofu akasema taratibu. "Hapo bado zina joto. Niliahidi baridi kali kuliko hiyo."

Mkuu akamkata jicho. "Mwanangu, wageni wamefurahi. Usiguse kitu."

Jokofu akagusa. Ili atomu zipoe zaidi, alipaswa kuufifisha mwanga na kuisogeza rangi mbali zaidi. Nukta ikafifia, ikafifia, ikapotea.

"Kumbe tumeitwa kutazama giza," akatania mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani minene. "Hata kwangu lipo, umeme ukikatika."

Wakaangua kicheko.

Jokofu akazima miale yote, akaziachia atomu zianguke kidogo, kisha akazimulika mara moja. Picha ikatokea: kiwingu hafifu, kidogo, kama ukungu wa pumzi kwenye kioo.

"Zingekuwa na joto, zingeshatawanyika," alisema. "Ziko pamoja."

"Rudisha ile inayong'aa, tupige picha," mkuu akaamuru.

"Sirudishi."

"Unajua unachezea chumba?"

"Najua, mzee. Lakini siwezi kuwauzia watu joto nikaliita baridi."

Mwenyekiti akafunga mkoba wake. "Binti yangu, hicho kiwingu nitamwonyesha nani? Mwisho wa mwezi tunaleta viti."

"Leteni na wabebaji wenye misuli," Jokofu akajibu, sauti ile ile ya chini. "Viti vitaingia kirahisi. Kazi itakuwa kunitoa mimi."

Mkuu akawafuata wenzake. Jokofu akarudi mezani, akazinasa atomu upya, akaufifisha mwanga zaidi kuliko mara ya kwanza.