Sauti ya Kumi na Saba

Gunia la tisa mchukuzi alilibeba vizuri. Tatizo lilikuwa kutaja namba.

Katika bohari ile ya unga, karani alikaa kwenye kibanda cha vioo akiwa amewapa wachukuzi mgongo, eti vumbi linamwasha macho. Aliandika kwa masikio. Ukitua gunia, unapaza sauti na kutaja namba ya kibati chako cha kifuani; usiposikika, hujabeba. Miaka kumi na minne mchukuzi huyu alikuwa akiipiga "Kumi na saba" yake mpaka walinzi wa getini wakamtania kwamba amemeza spika. Sasa alifungua kinywa, ikatoka pumzi tupu.

Wiki tatu nyuma, hospitalini, walimpitisha waya mkononi, wakamzibua mshipa wa moyo. Daktari alimwambia apumzike, na pumzi ikianza kukatika arudi siku hiyo hiyo. Ilianza kukatika juzi. Lakini nyapara naye alikuwa na lake: asiyefikisha magunia arobaini hadi saa sita, kibati kinakwenda kwa mwingine. Foleni ya wanaongoja kazi getini aliiona mwenyewe asubuhi.

Alishika nguzo, akivuta hewa kwa mabega. Aliogopa, na aliona haya kuogopa mbele ya vijana.

"We tua tu, shemeji," kaka wa mkewe alimnong'oneza kwa nyuma, naye ana gunia lake kichwani. "Nitakuitia namba."

Akamwitia mara tano. Ya sita, karani akacheka bila kugeuka.

"Kumi na saba ana sauti mbili siku hizi? Kila mtu na mdomo wake. Atakayemwitia mwenzake, nawafuta wote wawili."

Mchukuzi akajikongoja hadi kibandani, akagonga kioo.

"Bwana karani... nimebeba. Geuka... uone."

"Mzee, mimi nasikia tu, sioni. Si wameshakuzibua huko hospitali? Acha kudeka."

Shemeji alipita, macho chini. "Kumi na nane," alisema. Ana watoto sita.

Matatu mengine aliyabeba bila sauti, yakaenda bure. La nne likamwangusha karibu na mzani. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Nyapara alikuja, akatazama saa. Akachuchumaa, akaanza kumfungua kifuani taratibu, na mchukuzi akashukuru kwa macho, akidhani analegezewa shati apate hewa. Nyapara akasimama na kibati mkononi, akamwita mtu kutoka getini.

Huyo mpya akaliokota gunia lile lile lililoanguka, akairuka miguu ya mgonjwa, akalitua.

"Kumi na saba!"

Kioo cha kibanda kilitetemeka.

"Umeona sasa, mzee?" karani alisema kwa furaha, bila kugeuka. "Nilijua ulikuwa unadeka tu."

Sakafuni, mchukuzi aliinua mkono. Karani alikuwa anaandika.