Waridi la Nne

Bibi Tsvetana, mgonjwa wangu wa zamani, alipokuja kunililia, alinikuta jikoni nakaanga pilipili. Nilimfungulia nikiwa na mwiko mkononi. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi, ameshika mawaridi meupe manne na bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile tunayokula msibani. Aliniangalia, akafanya ishara ya msalaba, kisha akanusa.

"Unaunguza," akasema.

Mimi nilikuwa nayahesabu yale maua. Kwetu aliye hai hupewa maua ya idadi witiri. Shufwa ni ya marehemu. Hapo nikaelewa kosa langu, kwa kuwa matangazo yenye picha yangu nilikuwa nimeyabandika mwenyewe, mji mzima.

Kliniki mpya ya maji moto hapa Kyustendil, Bulgaria, ilikuwa inatafuta mkandaji mkuu. Nilikuwa nimekanda migongo ya mji huu tangu ujana wangu, nyumba kwa nyumba, na kazi ile niliitaka mpaka nikawa naiota. Lakini Daktari Hadzhieva, mwenye uamuzi, aliniambia waziwazi kwamba hanijui, ilhali kuna kijana wa Sofia ambaye maelfu ya watu wanamfuata mtandaoni. Mama yangu alinilea na msemo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilikuwa nimengoja vya kutosha. Nikaamua kujitembeza.

Nikajiunga na mafunzo ya kujijengea jina. Mwalimu alisema tupige picha isiyo na rangi, macho yatazame mbali. Jina liwe kwa herufi kubwa, chini yake sentensi moja ya kile unachowapa watu, na tangazo liwekwe wanapopita wale unaowalenga. Ninaowalenga mimi ni wazee wenye migongo, nao hupita milango ya maghorofa, duka la mikate na kituo cha basi. Hapo hapo ndipo tunapobandika picha za waliofariki. Nimezipita karatasi hizo tangu utotoni, nikazizoea hata jicho likaacha kuziona.

Mzee Kuncho, mchapaji wa karatasi hizo, aliweka fremu nyeusi aliyozoea kuiweka, nami nikaisifu kwamba imependeza. Ndani yake nilitazama mbali kwa huzuni: Rumyana Stoeva, mikono iliyotuliza maumivu ya mji huu. Baadaye nilipomgombeza kwa kusahau namba ya simu, alijibu kwamba wateja wake huwa hawapokei.

Sasa sauti zilikuwa zinapanda ngazi, polepole, maana lifti ilikuwa mbovu na nusu yao ni wagonjwa wa magoti. Nilitaka kukimbia niwaambie. Bibi Tsvetana akanisukuma nyuma ya mlango.

"Tulia, mwanangu. Nafasi hii mtu haipati mara mbili."

Nikasikiliza. Mwanamume mmoja alisema nilikuwa na mdomo mchafu, lakini baba yake alikwenda kanisani kwa miguu yake kwa sababu ya mdomo huo. Jirani wa chini akasimulia nilivyoificha fimbo yake ili atembee, akacheka huku analia. Kisha mwanamke mwingine akauliza, kwa upole, kama wote hawa ni jamaa zangu. Nilimtambua kwa sauti: Daktari Hadzhieva, aliyekuja kutoa pole. Wakamjibu wote kwa pamoja kwamba ni wagonjwa wangu, hakuna aliyemwachia mwenzake zamu. Nililia nyuma ya mlango wangu, kwa furaha na kwa aibu, hadi moshi wa pilipili ukanifanya nikohoe.

Nikatoka na mwiko wangu. Yule aliyesema nilikuwa na mdomo mchafu akaketi chini, kisha jirani akaanza kucheka, na kicheko kikashuka hadi ghorofa ya kwanza.

Daktari aliwatazama waliojaa ngazini. "Yule wa Sofia sijui nani angempandia ngazi hizi," akasema. "Njoo Jumatatu. Ukiwa hai."

Tuliila ile ngano hapo hapo, na ilikuwa tamu. Kabla ya kuondoka, Bibi Tsvetana alichomoa waridi moja katika yale manne, akanikabidhi matatu.

"Hili nakuwekea," akasema. "Usiwe na haraka nalo."

Karatasi zile hakuna aliyezichana. Kwetu hazichanwi, huachiwa mvua. Majira yote ya baridi nilikwenda kazini nikijipita mlangoni, na wagonjwa wakaniamkia kwa kuuliza kama bado nipo.

Alitangulia Bibi Tsvetana, miaka mingi baadaye. Nilikwenda kwa Mzee Kuncho na picha yake akicheka, nikasimamia mwenyewe ile fremu, kisha nikaenda msibani na mawaridi matatu. Binti yake aliyahesabu kwa macho, akanivuta pembeni ili anikosoe kwa siri. Nikamwonyesha glasi juu ya kabati la vyombo. Waridi langu la nne lilikuwemo bado, limekauka, rangi ya chai. Nikalichukua, nikaliweka pamoja na yale matatu.